Askofu Samuel Ajayi Crowther: Kufunguliwa na Kuaminiwa



Desemba ni mwezi wa kukumbuka uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru wake, na tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikapata wake. Mwisho wa mwezi huo huo, tarehe 31, baadhi ya makanisa ya Kianglikana ulimwenguni humkumbuka Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa Askofu katika Kanisa letu la Kianglikana. Yeye alikuwa mtu wa nchi ambayo leo tunaiita Nigeria.

Tumeona vema kuyasimulia maisha yake katika kurasa hizi, kwa sababu aliujua uhuru kwa namna mbili. Alikuwa mtumwa, akafunguliwa. Kisha akaaminiwa kazi kubwa, na katika uzee wake wale waliomwamini wakaacha kumwamini. Mtu akiyafuata maisha hayo tangu mwanzo hadi mwisho ataona kwamba kufunguliwa ni jambo moja, na kuaminiwa ni jambo jingine, na kwamba mtu au taifa halijawa huru kamili mpaka liyapate yote mawili.

KIJANA WA OSOGUN

Ajayi alizaliwa karibu na mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba. Siku zile ufalme mkubwa wa Oyo ulikuwa unavunjika, na vita vilikuwa vimeenea kila mahali. Mateka wa vita waliuzwa pwani kwa wafanya biashara wa watumwa, na biashara hiyo nayo ikachochea vita vingine.

Mwaka 1821, asubuhi moja akina mama walipokuwa wakitayarisha chakula, jeshi lilikuja ghafula likauzingira mji. Baba yake Ajayi alifika nyumbani kwa haraka, akawaambia wakimbie, kisha akarudi kupigana. Ajayi hakumwona tena. Mama yake, Afala, alikimbilia vichakani pamoja na watoto wake, lakini walikamatwa wote. Walifungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwenziwe, wakaongozwa kama mbuzi. Walipogeuka nyuma waliuona mji wao ukiwaka moto. Ajayi alikuwa mtoto wa miaka kama kumi na mitatu hivi.

Baada ya muda mfupi alitengwa na mama yake. Alibadilishwa kwa farasi. Aliyemchukua hakumpenda yule farasi, basi akarudishwa kama bidhaa mbovu inavyorudishwa dukani. Aliuzwa tena, na tena, mara nyingine kwa tumbaku na pombe kali. Aliposikia kwamba mwisho wake ni kuuzwa kwa Wareno, ambao huwavusha watu bahari wasirudi tena, alijaribu usiku kujinyonga kwa ukanda wa nguo yake. Moyo ulimshinda, akaacha, na baadaye alimshukuru Mungu kwa kushindwa huko.

Mwishowe alifikishwa Lagos, mji wa pwani, akauzwa kwa Wareno. Huko watu wazima na watoto walifungwa pamoja kwa mnyororo mmoja mrefu uliopita shingoni. Wanaume wakiuvuta ili wapumue au walale vizuri, watoto ndio walioumia. Baadaye watoto walifungwa peke yao, na Ajayi aliona hiyo ni nafuu kubwa.

SIKU YA KUFUNGULIWA

Tarehe 7 Aprili 1822 walipakiwa katika merikebu iliyoitwa Esperança Felix, watumwa 187 pamoja. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, na manowari zake zilikuwa zikizunguka katika bahari ile kuzikamata merikebu za watumwa. Mara tu baada ya kung'oa nanga, merikebu ile ya Wareno ilikamatwa na manowari za Kiingereza. Ajayi na watoto wengine walihamishiwa katika manowari Myrmidon, iliyoongozwa na Kapteni Henry Leeke.

Watoto wale hawakujua kwamba wameokolewa. Katika ile manowari waliona nyama ya nguruwe imetundikwa, na risasi za mizinga zimepangwa chini, duara na nyeusi. Wakadhani ile ni nyama ya watu na zile ni vichwa vya watu, na kwamba zamu yao inakuja. Walitulia baada ya kuangalia kwa makini na kuona kwato za yule mnyama.

Jambo moja la siku zile yeye mwenyewe alilieleza baadaye katika barua. Mreno aliyekuwa bwana wao aliletwa katika manowari hiyo hiyo, amefungwa minyororo, mwanawe yuko karibu naye. Ajayi alipoona kwamba hawezi tena kuangukia mikononi mwake, alimwendea akampiga kichwani. Alipoandika barua ile mwaka 1837, alikuwa mwalimu Mkristo, naye alikihukumu kitendo hicho kuwa ni kibaya na cha ukatili.

Msomaji asilipite jambo hilo upesi. Sisi sote tunamwelewa mtoto yule, na nani kati yetu angethubutu kumlaumu? Lakini yeye alijilaumu. Tendo lake la kwanza akiwa mtu huru lilikuwa kumpiga mtu aliyefungwa. Watu wengi na mataifa mengi yaliyotoka utumwani yalianza hivyo hivyo, kwa kumtafuta wa kumpiga, na mengine hayakuendelea mbele zaidi ya hapo. Crowther aliendelea.

SIERRA LEONE

Mwezi wa Juni 1822 walishushwa Freetown, katika nchi ya Sierra Leone. Hapo ndipo watumwa waliookolewa baharini walipokuwa wakiletwa, watu wa makabila mengi na lugha nyingi, wakapewa mahali pa kukaa. Sisi wa Afrika Mashariki tunaujua mfano huo, maana mwaka 1875 chama cha CMS kilianzisha mji wa namna hiyo karibu na Mombasa, nao ni Frere Town.

Ajayi alipelekwa kijiji cha Bathurst. Alijifunza useremala, na alijifunza kusoma kwa hamu kubwa hata baada ya miezi sita aliweza kusoma Agano Jipya. Tarehe 11 Desemba 1825 alibatizwa, akapewa jina la Samuel Crowther, ambalo ni jina la kasisi mmoja wa London. Lakini jina la Ajayi hakulitupa.

Mwaka 1827, Chuo cha Fourah Bay kilipofunguliwa, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza kabisa. Alimwoa Asano, aliyebatizwa kwa jina la Susan, msichana ambaye naye alikuwa ameokolewa kutoka utumwani. Wote wawili walikuwa walimu wa shule.

Mwaka 1841 serikali ya Uingereza ilituma meli kuupanda Mto Niger, ili kufanya mikataba na wafalme na kukomesha biashara ya watumwa huko huko inakotoka. Crowther alikwenda pamoja nao. Safari ile ilikuwa msiba. Katika Wazungu 145, wapatao 130 waliugua homa, na kama 40 wakafa. Viongozi wa CMS walipofikiri juu ya habari hizo, waliona wazi kwamba Injili haitaenezwa Afrika kwa mikono ya wageni peke yao. Crowther aliitwa London, akasoma, na mwaka 1843 akafanywa shemasi na kasisi.

LUGHA NA MAMA

Aliporudi Freetown, mwaka 1844, aliongoza ibada kwa Kiyoruba. Watu waliokuwa wamezoea kumsikia Mungu akihubiriwa kwa lugha ya watawala walimsikia sasa kwa lugha ya mama zao.

Kazi hiyo ya lugha aliifanya maisha yake yote. Alitunga kamusi na sarufi ya Kiyoruba, na akawa kiongozi katika kuitafsiri Biblia. Hakuridhika na maneno ya mitaani. Aliketi na wazee akawasikiliza, akiandika methali zao na maneno yao ya zamani, apate neno linalofaa kwa kila fungu. Biblia nzima ya Kiyoruba ilikamilika mwaka 1884. Kwetu sisi kazi ya namna hii ilianzwa na wageni waliotupenda, kama Dakta Krapf na Askofu Steere, wakisaidiwa na wenyeji. Kwa Wayoruba, mwenye lugha mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu. Mtu aliyewahi kubadilishwa kwa farasi ndiye aliyewapa watu wake Neno la Mungu kwa lugha yao.

Mwaka 1846 Crowther alifika Abeokuta, mji wa Waegba ulio chini ya mwamba mkubwa. Wamishonari wenzake walikuwa pamoja naye, mmoja wao Mwingereza aliyeitwa Henry Townsend, ambaye tutamtaja tena. Huko Crowther alipata habari kwamba mama yake yu hai katika mji ulio karibu. Tarehe 21 Agosti 1846 mama yule aliletwa kwake. Ilikuwa imepita miaka 25. Walitazamana, wakashikana mikono, wala hawakuweza kusema neno. Mama alikuwa akitetemeka. Yeye naye alikuwa ameuzwa na kukombolewa zaidi ya mara moja katika miaka ile.

Mwaka 1848 Afala alibatizwa, akawa mmoja wa Wakristo wa kwanza wa Abeokuta. Alipewa jina la Hana, na kila asomaye Biblia anajua sababu yake, maana Hana ndiye mama yake Samweli.

CANTERBURY, 1864

Wakati huo katibu wa CMS mjini London alikuwa Kasisi Henry Venn. Huyu alifundisha kwamba kazi ya mmishonari ni kama kazi ya mjenzi anayesimamisha jukwaa la kujengea. Nyumba ikikamilika, jukwaa huondolewa. Kanisa katika kila nchi, alifundisha, yapasa lijitawale, lijitegemee na lijieneze lenyewe. Maneno hayo matatu tumeyasikia sana katika mikutano yetu ya dayosisi. Asili yake ni huko.

Venn alitaka Crowther awe Askofu. Crowther mwenyewe alikataa kwa muda mrefu, akiona hastahili. Wengine nao walikataa kwa sababu zao. Townsend wa Abeokuta na baadhi ya wamishonari wenzake waliona kwamba mtu mweusi, hata awe mwema namna gani, hataheshimiwa kama Mzungu, nao hawakuwa tayari kuwa chini yake. Venn alisimama imara, lakini ilibidi kupatana kwa namna fulani. Crowther aliwekwa awe Askofu wa nchi za Afrika Magharibi zilizo nje ya himaya ya Malkia, na wamishonari Wazungu wa Abeokuta hawakuwekwa chini yake. Kwa hiyo Askofu Myoruba, aliyewatafsiria Wayoruba Biblia, hakuwa Askofu wa mji ule alimokutana na mama yake. Alipelekwa Mto Niger, kwa makabila ambayo lugha zao hazikuwa lugha ya mama yake.

Jambo hilo liliumiza wakati ule, na matunda yake mabaya yalionekana baadaye.

Hata hivyo siku yenyewe ilikuwa siku kuu. Tarehe 29 Juni 1864, Sikukuu ya Mtakatifu Petro, Kanisa Kuu la Canterbury lilijaa watu. Miongoni mwao alikuwako Henry Leeke, sasa mzee na mwenye cheo cha juu katika jeshi la bahari, yule yule aliyemtoa mtoto Ajayi katika merikebu ya watumwa miaka 42 nyuma. Alikuwako pia Bibi Weeks, mjane wa Askofu wa Sierra Leone, aliyemfundisha Crowther utotoni. Mmoja alikuwa amemfungua, na mwingine alikuwa amemlea. Sasa Kanisa zima lilikuwa linamwaminia uchungaji wa Kristo.

MTO NIGER

Kazi ya Niger ilianza mwaka 1857, na tangu mwanzo watenda kazi wake karibu wote walikuwa Waafrika. Wengi walitoka Sierra Leone, watoto wa watu waliookolewa baharini. Kasisi John Christopher Taylor, aliyeanzisha kazi Onitsha, alizaliwa Sierra Leone na wazazi Waigbo, naye alirudi nchi ya wazazi wake kama mhubiri. Watu waliouzwa nje walikuwa wakirudi na Injili mkononi.

Kazi haikuwa rahisi. Kituo kimoja kilikuwa mbali na kingine, na kwa miaka mingi Askofu hakuwa na meli yake mwenyewe, akategemea meli za wafanya biashara. Mwaka 1867 mtemi mmoja wa mtoni, jina lake Abokko, alimkamata Askofu na kudai fidia kubwa. Ajayi, aliyekwisha kupimwa kwa farasi na kwa tumbaku, sasa akiwa mzee wa Kanisa alipimwa tena kwa fedha. Aliokolewa, lakini mwakilishi wa Uingereza aliyekuja kumwokoa, Bwana Fell, alichomwa mshale wa sumu akafa.

Kazi ilikua zaidi katika Delta, yaani mahali Mto Niger unapogawanyika kabla ya kuingia baharini. Huko Bonny mfalme na wazee waliomba wenyewe waletewe walimu, nao wakachangia gharama. Mwaka 1867 waliacha kuwaabudu kenge, wanyama ambao hapo kwanza mtu alikuwa akiadhibiwa vikali akiwaua. Wakristo wa Bonny waliteswa sana katika miaka iliyofuata, na wengi wao walikuwa watumwa, lakini hawakumwacha Kristo. Makanisa yakajengwa na kujaa watu.

KUAMINIWA KUNAPOONDOLEWA

Henry Venn alifariki mwaka 1873. Waliokuja baada yake walikuwa na mawazo mengine. Ulikuwa wakati ambao mataifa ya Ulaya yalianza kuigawana Afrika, na wazo la kwamba Mwafrika hawezi kuongoza lilikuwa limeingia hata ndani ya Kanisa. Isitoshe, kwinini ilikwisha kuonyesha nguvu yake. Katika safari ya Niger ya mwaka 1854 hakufa hata Mzungu mmoja. Basi wengine wakaona kwamba Waafrika hawahitajiki tena kama zamani.

Lazima tuseme kweli yote. Baadhi ya watumishi wa Askofu huko Niger walianguka katika dhambi. Wengine walifanya biashara kuliko kuhubiri, na wengine walifanya mabaya zaidi. Crowther alikuwa mpole, na pengine alikawia kuwaadhibu. Makosa yalikuwako na yalihitaji kusahihishwa.

Lakini namna ya kusahihisha ilikuwa ya aibu. Walikuja vijana kutoka Uingereza, wenye bidii nyingi na umri mdogo, nao waliwachunguza Waafrika wote kana kwamba wote ni wakosaji. Mwezi wa Agosti 1890, katika mkutano wa kamati huko Onitsha, waliwasimamisha kazi makasisi na walimu wengi. Hata Dandeson Crowther, mwana wa Askofu, aliyekuwa Arkidikoni wa Delta, alisimamishwa. Askofu alikuwa ameketi pale pale. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, aliyewekwa wakfu Canterbury, aliona mamlaka yake ya kuwaongoza makasisi wake yakichukuliwa na vijana ambao wangeweza kuwa wajukuu wake. Alijiuzulu katika kamati ile.

Hakuna aliyemrudisha utumwani. Hakuna aliyemfunga kamba. Alibaki na cheo chake, joho lake na heshima ya maneno. Alichonyang'anywa ni kuaminiwa. Na mtu aliyeachiwa cheo bila kuaminiwa ana uhuru wa jina tu.

MZEE HAKUMPIGA MTU

Hapo tukumbuke mtoto yule wa mwaka 1822 aliyempiga mtu aliyefungwa. Sasa mzee alikuwa na sababu nyingi za kupiga. Wengi mjini Lagos walikuwa na hasira kwa ajili yake, na mwaka 1891 baadhi yao walitoka katika Kanisa la Kianglikana wakaanzisha Kanisa lao. Angeweza kuwaongoza.

Crowther alichagua njia nyingine. Alipanga pamoja na Wakristo wa Delta kwamba makanisa yao yajitegemee kwa fedha na kuongozwa na makasisi wao wenyewe, huku wakibaki ndani ya Kanisa la Kianglikana. Hakuomba msaada wala hakutukana mtu. Alisema kwa matendo kwamba kama tatizo ni uwezo wetu, basi tupimwe kwa kazi.

Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, kabla ya kuyaona matunda ya mpango huo. Mwaka 1892 makanisa ya Delta yalianza kujitegemea, yakiongozwa na Arkidikoni Dandeson. Yalilipa makasisi wao, yakajenga, yakaeneza Injili katika nchi ya Waigbo. Baada ya miaka kadhaa hata waliowatilia shaka walikiri kwamba kazi inaendelea.

Aliyewekwa Askofu mahali pa Crowther alikuwa Mwingereza. Waafrika wengine waliwekwa maaskofu, lakini wasaidizi tu. Ilipita miaka mingi sana kabla Nigeria haijampata tena Askofu Mwafrika mwenye dayosisi yake, hata katikati ya karne iliyofuata. Huku kwetu, maaskofu wasaidizi Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya na Yohana Omari wa Tanganyika waliwekwa wakfu Namirembe mwaka 1955. Tangu Canterbury 1864 ilikuwa imepita miaka 91. Kuaminiwa kukivunjika, kukujenga tena huchukua vizazi.

MJUKUU WAKE

Habari za Askofu haziishii kanisani. Binti yake Abigail aliolewa na Kasisi Thomas Babington Macaulay, aliyeanzisha shule ya sekondari ya CMS mjini Lagos mwaka 1859. Mwana wao Herbert alizaliwa mwezi wa Novemba 1864, mwaka ule ule babu yake alipowekwa wakfu.

Ili kuelewa kazi ya Herbert Macaulay yafaa tukumbuke jambo moja juu ya babu yake. Mwaka 1851 Crowther, akiwa Uingereza, aliwaeleza wakuu wa serikali jinsi biashara ya watumwa ilivyokuwa ikiendelea Lagos, na alitaka waikomeshe. Mwisho wa mwaka huo manowari za Kiingereza ziliushambulia mji wa Lagos. Mwaka 1861 Lagos ikafanywa koloni. Crowther alitaka minyororo ivunjwe, na ilivunjwa. Lakini mkono uliovunja minyororo ulibaki, ukaishika nchi. Wengi wa kizazi chake hawakuliona hilo mapema.

Mjukuu aliliona. Herbert Macaulay alikuwa mpima ardhi, na kwa kazi yake alijua jinsi serikali ilivyochukua ardhi ya watu. Alisafiri na Chifu Oluwa hadi London kuidai ardhi ya Apapa, na mwaka 1921 baraza la juu la sheria huko liliamua kwamba ardhi ile ilikuwa mali ya jamii, na kwamba serikali lazima ilipe. Mwaka 1923 alianzisha chama cha siasa, na mwaka 1944 akawa rais wa chama cha NCNC, katibu wake akiwa Nnamdi Azikiwe. Hakuwa malaika. Alifungwa gerezani mara mbili, na alikuwa na adui wengi. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, aliizunguka nchi kudai haki za wananchi, akaugua huko Kano, akafariki Lagos mwezi wa Mei. Nigeria ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960, na Azikiwe akawa Rais wake wa kwanza.

Hivyo katika nyumba moja twaona mambo mawili. Babu alifunguliwa yeye nafsi yake, akatafuta Kanisa liaminiwe. Mjukuu alizaliwa huru, akatafuta taifa liaminiwe. Swali walilokutana nalo lilikuwa moja: je, ninyi mnaweza kujiongoza? Aliyeuliza swali hilo daima alikuwa ameketi katika kiti, naye hakuwa na haraka ya kusikia jibu.

NASI JE?

Tarehe 29 Juni 2014, miaka 150 tangu siku ile ya Canterbury, Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Justin Welby, aliongoza ibada ya shukrani na toba katika Kanisa Kuu lile lile, akaomba radhi kwa jinsi Askofu Crowther alivyotendewa. Ni vema. Lakini tusidhani kwamba habari hii ni ya Wazungu na Waafrika peke yao.

Leo katika mitaa yetu wenye viti ni sisi wenyewe. Tuna vijana tuliowabatiza, tukawapa Kipaimara, tukawaita viongozi wa kesho, na kila kesho ikifika tunaona bado ni wadogo. Tuna akina mama wanaobeba kazi kubwa ya Kanisa, lakini daftari la fedha hawalioni. Kijana akikosea mara moja katika hesabu, tunasema vijana wote hawafai. Hayo ndiyo yaliyosemwa Onitsha mwaka 1890. Makosa yasahihishwe, ndiyo, na mwizi aitwe mwizi. Lakini asahihishwe aliyekosa, na wengine waachiwe kazi yao.

Kwa upande mwingine, nasi tunaotaka kuaminiwa tuangalie makanisa ya Delta. Hawakungoja kuaminiwa ndipo waanze. Walilipa mshahara wa makasisi wao kwa sadaka zao wenyewe, wakati kulalamika kungekuwa rahisi zaidi. Parokia ambayo kila bati la paa lake lazima litoke kwa marafiki wa ng'ambo haiwezi kusema imejitawala, hata ikiwa kasisi wake ni mwenyeji na bendera ya taifa inapepea mbele ya shule yake. Na taifa ni hivyo hivyo. Bendera hupandishwa usiku mmoja, lakini kuaminiana kwa wananchi na viongozi, na kwa viongozi na wananchi, hujengwa kila siku.

Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni hakuomba tu kwamba mtumwa yule asiadhibiwe. Aliomba apokewe kama ndugu, kama vile angepokewa Paulo mwenyewe. Hapo ndipo uhuru unapokamilika: mtu aliyefunguliwa anapoketi mezani, anapewa kazi, na anaachwa aifanye.

Tarehe 31 Desemba mwaka huu, tukiwa kanisani kuuaga mwaka, tumshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake Samuel Ajayi Crowther. Na kila mmoja amtaje moyoni mtu mmoja ambaye mwaka unaokuja atamwaminia kazi.

Mungu atubariki sote.